Tangazo la Tatu

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisoma Mzee Ratovo, kiongozi wa kanisa, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya sikio, "tunatangaza kusudio la ndoa kati ya Hery, mwana wa marehemu Solo, wa hapa Moroni, na Touhfat binti Zafy, mzaliwa wa Mutsamudu. Mwenye kujua kizuizi asimame, aseme sasa."

Jumapili mbili zilizopita maneno hayo yalifuatiwa na kikohozi na kilio cha mtoto mchanga, basi. Leo Touhfat alikuwa ameinamisha kichwa kuficha furaha yake, maana bibi harusi akichekacheka kanisani watu wanasema hana adabu. Akasikia benchi la mbele likilia.

"Ninacho," ilisema sauti ya mwanamke.

Hakuhitaji kuinua macho. Ilikuwa sauti ya Mama Hery, mkwe wake mtarajiwa, yule yule aliyemfunza juzi tu namna ya kukanda unga wa maandazi ya harusi.

"Sema, dada," alisema Mzee Ratovo.

"Huyu ni wa Ndzuani."

Watu wakatazamana. Mzee Ratovo alivua miwani, akaivaa tena.

"Dada yangu, kizuizi ni mtu kuwa na ndoa nyingine. Ni watu kuwa ndugu wa damu. Ni mtu kuozwa kwa nguvu. Kuzaliwa kisiwa hiki au kile si kizuizi."

"Leo ni kizuizi. Tokeni hapo nje mkaone barabarani."

Na kweli barabarani kulikuwa kumechafuka. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, majuma matatu baada ya Pasaka. Kule Antananarivo mkutano wa kuvipatanisha visiwa vya Wakomoro ulikuwa umekwisha siku mbili kabla, na wajumbe wa Ndzuani, kisiwa kilichokuwa kimejitenga, waliondoka bila kutia saini. Habari ilipotoka redioni, vijana wa Moroni waliweka mawe na matairi njiani. Gari likisimama, abiria wanaambiwa waseme maneno mawili matatu. Ukitoa lafudhi ya Ndzuani, unaambiwa kwenu si hapa, kapande meli.

Sasa huyu Touhfat baba yake Mmalagasi na mama yake Mmalagasi. Lakini Mzee Zafy alikwenda Mutsamudu, mji mkuu wa Ndzuani, kutengeneza mitambo bandarini, na mtoto akazaliwa huko huko, mikononi mwa jirani yao, mkunga Mwislamu aliyeitwa Bi Touhfat. Uzazi ulikuwa mgumu, mkunga akapigana nao usiku na mchana, na baba kwa shukrani akampa mtoto jina la mkunga. Msichana akakua na lugha ya Ndzuani kinywani, liwa, ule msandali wa kupaka, usoni siku za sikukuu, na shiromani mwilini, ile nguo nyekundu ambayo mwanamke wa Ndzuani hujifunga tangu utosini. Wazazi wake walipofariki akaja Moroni kutafuta kazi. Ukimwona njiani humwiti Mmalagasi hata ukiapishwa.

Na lile kanisa lilikuwa la watu thelathini na kitu, chumba cha kupanga nyuma ya ghala la saruji. Karibu wote wageni: Wamalagasi, wauguzi wawili kutoka Kongo, mwalimu mmoja wa Kigoma na mkewe. Hawakuwa na kengele. Nyimbo zao walizoea kuziimba kama watu wanaobembeleza mtoto, wasije wakawakera majirani.

"Kila Jumapili anaingia hapa mwekundu kama bendera," Mama Hery aliendelea, naye amejitanda begani lamba lake jeupe, ule mtandio wa Kimalagasi, limenyooka kama karatasi. "Akifuatwa na mtu mmoja tu mpaka mlangoni, kesho benchi hizi ni majivu. Mimi sina ugomvi naye. Naogopa, na nina haki ya kuogopa."

Mmoja akasema mama ana maneno. Mwingine akasema aibu. Mke wa mwalimu alipendekeza kwa upole kwamba binti avae kama wenzake mpaka hali itulie, na wengi wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu lilikuwa neno jepesi kumeza. Touhfat hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akitazama benchi la kwaya, alipokaa Hery.

Hery alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo. Alikitazama kile kitabu kana kwamba mtu ameangusha sindano ndani yake. Touhfat alimsubiri kama mtu anavyosubiri maji yachemke, kwanza kwa imani, kisha kwa wasiwasi. Kitabu kilifungwa. Hery akabaki ameketi.

Mzee Ratovo akaikunja karatasi. Alieleza sheria yao, na wote waliijua: tangazo likipingwa limesimama, na haliendelei mpaka aliyelipinga asimame mwenyewe mbele ya kusanyiko aondoe kizuizi chake. Na ndoa isiyokamilisha matangazo matatu haifungwi na mchungaji, si Moroni, si Mutsamudu, si Majunga kule kwa Wamalagasi anakotoka mchungaji mwenyewe.

Jioni Hery alifika nyumbani kwa Bi Saandia, mjane wa Kingazidja, mwenyeji wa kisiwa hiki cha Moroni, aliyempangisha Touhfat chumba. Alipitia vichochoro, na kwapani ana kifurushi. Hery alikuwa fundi cherehani, na mikono yake ilikuwa hodari kuliko ulimi wake. Hata walipojuana ilikuwa hivyo: Touhfat alimpelekea sketi ipunguzwe, Hery kwa kumtazama usoni akakata futi nzima ya kitambaa, ikamtosha mtoto wa miaka kumi. Akatoa sketi mpya bure, na pole siku nne mfululizo.

Leo alifungua kifurushi kitandani. Gauni jeupe, shingo ya juu, mikono mirefu yenye lesi. Juu yake lamba jipya.

"Nimelishona mchana huu," alisema. "Ni la siku chache tu. Ukilivaa, na lamba begani, na ukinyamaza njiani, watakuona Mmalagasi kama sisi."

"Mimi ni Mmalagasi kama ninyi."

"Najua."

"Na ni Mndzuani. Hilo nalo unalijua. Hery, ulinipenda na pande zote mbili, au ulikuwa unangoja siku ya kukata upande mmoja?"

"Usiseme hivyo. Ningekuwa sikupendi ningelala. Nimeshona na macho yananiuma, nikifikiria wale vijana wa njiani."

"Gauni ni zuri."

"Basi livae."

"Leo navua nguo. Kesho wakisema nivue jina? Touhfat si jina la Kikristo, wataliona hilo pia. Kesho kutwa ulimi. Utashona nini cha kufunika ulimi?"

Hery akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu, akakunja mikono. Alieleza kwamba mama yake halali vizuri tangu vurugu zianze, kwamba anaamka anakagua kitasa, kwamba si mtu mbaya. Touhfat alisema hajamwita mbaya.

"Asubuhi nilitaka kusimama," Hery alisema mwishowe. "Miguu ilikataa. Ni mama yangu, Touhfat. Mbele ya watu."

"Mimi asubuhi sikumngoja mama yako. Nilikungoja wewe."

Hery akatafuta la kujibu. Akalitafuta sakafuni, akalitafuta dirishani.

"Unaona," Touhfat alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi, "ndivyo hivyo hivyo ulivyofanya asubuhi."

Hery aliondoka, gauni akaliacha kitandani.

Kesho yake, jua halijapanda, vijana sita walikuja mlangoni kwa Bi Saandia. Yeye alikuwa ameketi kizingitini hasa, juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, upana wake umejaza mlango, na hakuonyesha dalili ya kuinuka. Touhfat alikuwa chumbani nyuma ya pazia, anasikia kila neno.

"Bi Saandia, tumeambiwa una Mndzuani humu ndani," alisema Elarif, kijana wa mtaa wa pili.

"Nina wapangaji watatu, kuku sita na paka asiyezaa. Mnamtaka yupi?"

"Usitutanie, bibi."

"Nikutanie wewe, Elarif? Mimi niliyekuogesha majani ya mwarobaini ulipojaa upele mpaka kisogoni?" Akakuna nazi kidogo. "Hebu nikuulize. Babu yako mzaa mama alitoka wapi?"

Elarif akawatazama wenzake kwa pembe ya jicho.

"Waambie wenzako, wasikie. Alitoka Domoni. Na Domoni iko kisiwa gani kama si Ndzuani? Basi ukishamaliza na mgeni wangu, pita kwenu umchukue na mama yako, mwende bandarini pamoja. Mpelekee na kanga ya kujifunika, baharini kuna upepo."

Wenzake wakaangua kicheko, na kijana akichekwa na wenzake hasira humtoka kama upepo kwenye mpira. Wakaondoka. Lakini mmoja, asiye wa mtaa ule, aligeuka akasema watarudi, na watakaorudi hawajaogeshwa na mtu.

Bi Saandia alipoingia ndani alimkuta Touhfat anafunga furushi lake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, bibi. Nimewaona dirishani wauza mboga wawili wa Mirontsy, kule kwetu Ndzuani, ninaowajua pale sokoni Volo-Volo. Wanashuka bandarini na mizigo kichwani. Nitakwenda nao."

"Kaa. Mlango huu nitaukalia mpaka waniondoe na mbuzi yangu."

"Ndicho ninachoogopa."

Bi Saandia akamtazama, kisha akafuta mikono yenye nazi na kumshika mashavu yote mawili, na wakalia kidogo, kilio cha watu wenye haraka. Touhfat alimwachia gauni jeupe limekunjwa vizuri, na juu yake kikaratasi cha kumpa Hery:

"Hery, nimekwenda Mutsamudu. Siikimbii hofu ya mama yako, hofu kila mtu anayo. Ukija, njoo na neno. Usije na gauni."

Melini watu walikaa juu ya mizigo yao, wamebanana, wengi walizaliwa Moroni na hawakuwahi kukiona kisiwa walichokuwa wakirudishwa. Yule muuza mboga mmoja alikata mkate wake wa sinia, akampa Touhfat kipande bila kumuuliza dini yake wala kabila lake. Alimuuliza tu kama anatapika chomboni, ili ajue amkalishe upande gani.

Mutsamudu, katika vile vichochoro vya mji wa kale ambamo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega, Bi Touhfat mkunga alikuwa anachagua mchele. Alimwona somo wake wa jina mlangoni na furushi, akasogeza ungo.

"Wamekurudisha?"

"Wamenirudisha."

"Na yule fundi wako?"

Touhfat akatua furushi chini.

"Kula kwanza," alisema bibi. "Kulia kunataka nguvu, na wewe umekonda."

Siku chache baadaye redio ilisema jeshi limeshika nchi kule Moroni. Meli zikawa za kubahatisha. Touhfat alikwenda kusali na Wakristo wa Mutsamudu, watu saba tu, sebuleni kwa mwashi mmoja Mmalagasi, akidhani amefika kwenye kivuli. Ndugu mmoja akasema hapo hapo kwenye maombi kwamba kuanzia sasa wasimpokee tena mtu anayetoka Moroni, maana wameona wanavyowatenda watu.

Touhfat akafumbua macho.

"Kaka, mimi nimetoka Moroni."

"Wewe ni wa hapa. Nasema wale."

"Wale nao walikuwa wanasema 'wale'. Nimeyasikia maneno haya haya juma lililopita, kwa lafudhi nyingine. Aliyenifukuza hakuwa Mngazidja, alikuwa mtu tunayeshiriki naye mkate na kikombe. Aliyenikalia mlango alikuwa Mngazidja, Mwislamu, na mbuzi ya nazi. Sasa mimi nimchukie nani, unipangie."

Mwashi aliomba tena tangu mwanzo, mara hii kwa maneno machache.

Juma la nne Mzee Chamsidine, mfanyabiashara wa jirani mwenye simu dukani, alimtuma mtu amwite. Touhfat alishika mkonga wa simu kwa mikono miwili. Laini ilikuwa inakoroma kama mzee aliyelala.

"Touhfat?"

"Ndiyo."

"Nimesimama."

"Umesimama wapi?"

"Kanisani. Jumapili hii. Walipomaliza matangazo nilisimama, nikasema ile siku dhambi ya kwanza ilikuwa yangu. Nikasema wewe ni mwili mmoja na sisi, na tumekukata kama kipande cha kitambaa kisichooana, nami ndiye niliyekuletea mkasi nyumbani. Nikasema sitaimba kwaya mpaka nafasi yako irudi. Miguu ilitetemeka, Touhfat, sikudanganyi, lakini nilisimama nayo hivyo hivyo."

Touhfat aliufunika mkonga kidogo, apate kupumua.

"Na mama?"

"Alitoka nje. Siku ya tatu leo hasemi na mimi. Anapika, ananiwekea, anafunika sahani, anakwenda."

"Kwa hiyo kizuizi kipo."

"Kipo. Hicho siwezi kumwondolea mimi. Lakini uliniambia nije na neno. Meli hakuna, nikaona nilitangulize."

"Nimelipokea."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Hery, hii ni simu ya Mzee Chamsidine, na kuna watu wanne kwenye foleni wanaojifanya kununua chumvi. Nimelipokea. Mengine nitayasema wasiponunua chumvi."

Ilisikika kicheko kule Moroni, cha kwanza kwa muda mrefu, kikakatika pamoja na laini. Mzee Chamsidine hakumtoza, akasema simu kama ile si ya kulipia.

Majuma mawili yakapita. Asubuhi moja mpagazi wa bandarini alikuja mbio kwa Bi Touhfat. Alisema kuna mwanamke ameshuka kutoka meli ndogo ya mizigo ya Moroni, amelala juu ya magunia, anataja jina la hapa.

Touhfat alifika bandarini akakuta duara la wanaume. Katikati ameketi Mama Hery. Lile lamba jeupe lilikuwa limelowa, limechafuka matapishi na mafuta ya mashine, na uso wake umekuwa rangi ya majivu. Alikuwa anajaribu kueleza, na kila alipofungua kinywa kilitoka Kingazidja, lugha ya watu wa Moroni, naye hakujua nyingine ya visiwa.

"Sisi tumefukuzwa huko kwenu kama taka, na wewe unakuja kufuata nini?" mpagazi mmoja alikuwa anamuuliza. "Ni mpelelezi huyu. Mrudisheni melini."

Wakamwona Touhfat, mtoto wa mtaa wao, wakampisha.

"Dada, unamjua huyu mtu wa Moroni?"

Mama Hery aliinua macho, akamwona aliyeulizwa, akayashusha tena. Hakuomba. Alikaa tu pale juu ya gunia, mikono mapajani, kama mtu anayejua bei ya kitu anachokingoja. Neno moja tu lilitakiwa, au hata kutosema neno. Ingetosha Touhfat ajitande vizuri ageuke.

"Namjua," Touhfat alisema. "Ni mama yangu. Hebu nisaidieni kumwinua."

Walimbeba mpaka mji wa kale juu ya kiti. Siku mbili mama yule hakuweza kushika kitu tumboni. Touhfat alimnywesha uji wa mchele kwa kijiko, akamfulia lamba, akalianika darini, na Bi Touhfat akamkanda miguu kwa mafuta ya nazi huku akimsema kwa lugha asiyoielewa, kwamba mtu mzima hapandi mashua ya vitunguu. Siku ya tatu Mama Hery aliketi, akaomba mkoba wake, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na karatasi ya Mzee Ratovo: tangazo la tatu limesomwa upya, kizuizi kimeondolewa na aliyekiweka, mbele ya kusanyiko, sahihi na tarehe.

"Nilisimama Jumapili iliyopita, nikakiondoa," alisema. "Wangeweza kuituma karatasi. Nikaona niilete mwenyewe."

"Ahsante."

"Kwa nini uliwaambia mimi ni mama yako? Ungenyamaza. Nisingekulaumu."

"Nimewahi kunyamaziwa. Najua kunavyouma."

Mama Hery alirudisha mfuko wa plastiki mkobani. Kisha akasema, kwa Kimalagasi, lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ndogo:

"Tulikuwa Majunga, mwaka wa sabini na sita. Nina mimba ya Hery. Watu wetu wakaamka kuwawinda Wakomoro, mitaa mizima. Nilikuwa na jirani Mkomoro, Zahiya. Ndiye aliyenifundisha kusuka mkeka, ndiye aliyekuwa anajua mimba yangu inakataa samaki. Alasiri moja akabisha mlangoni kwangu. Hakubisha kwa nguvu. Alibisha kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa."

Touhfat akasogea karibu naye.

"Sikufungua. Sijui alikwenda wapi. Waliopona walirudishwa huku visiwani. Mume wangu alipopata kazi Moroni, tukahamia, na mimi kila mwanamke wa umri wake sokoni namtazama usoni, miaka ishirini sasa. Halafu ukaja wewe kanisani, na lafudhi yako ya kwao, na nguo zako za kwao. Mkaniambia utakuwa mkwe wangu. Vurugu zilipoanza, mlango ule ukanirudia. Ninavaa lamba safi, nakaa benchi la mbele, watu wananiita mama wa kanisa. Hery aliposimama akasema dhambi ni yake, nilitoka nje kwa sababu niliona ameokota mzigo wangu na hajui."

"Anajua sasa?"

"Anajua. Kanisa zima linajua. Nililisema hilo nilipokiondoa kizuizi." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Utanisamehe?"

Touhfat alikuwa mtu wa kweli, na hakutaka kumpa mgonjwa maneno matamu yasiyo na kitu ndani.

"La Zahiya siwezi kulisamehe, mama. Si langu. Hilo utamwambia Mungu, na Mungu akipenda utamwambia mwenyewe. Lakini langu ninalo, na langu nimekuachia."

Mama Hery akalia, na alilia vizuri, kama mtu anayetua kuni. Bi Touhfat aliyekuwa mlangoni hakuelewa hata neno, akaleta sahani ya wali.

Harusi ilifanyika mwezi wa Julai, sebuleni kwa yule mwashi, kwa kuwa Moroni hapakuwa pa kwenda. Mchungaji alikuja kutoka Majunga. Hery alikuja na wenzake tisa wa kanisa la Moroni, na Mzee Ratovo, ambaye uzi wa miwani ulikatika njiani akawa anaongoza nyimbo kwa kukisia. Yule ndugu aliyesema wasipokelewe watu wa Moroni ndiye aliyekwenda kuwapokea bandarini, na alibeba sanduku kubwa kuliko wote. Wa Moroni na wa Mutsamudu walikaa wamechanganyika, kwanza kwa sababu viti vilikuwa haba, kisha wakazoea. Ukiwauliza leo waliokuwepo bibi harusi alivaa nini, kila mmoja anakutajia rangi yake.

Bi Touhfat alimleta somo wake kwa mkono kutoka nyumbani, vichochoroni, wanawake wa mtaa wakipiga vigelegele madirishani. Walipofika mlangoni akasimama.

"Mimi dini yangu nyingine, na miguu yangu inaishia hapa," alisema kwa sauti ya kusikika ndani. "Nilimtoa tumboni, nimemlea, nimemleta. Baba yake hayupo, mama yake hayupo. Nani anampokea kutoka kwangu?"

Ndani watu wakatazamana. Hawakuwa wamelipanga hilo. Mwashi alianza kuinuka, kisha akaona mtu mwingine ameshainuka. Mama Hery alikuwa anatoka kwenye viti vya upande wa bwana harusi.

"Mama," Hery alinong'ona, "wewe unakaa na mimi huku."

"Wewe una miguu yako," alimjibu bila kugeuka. "Simama mwenyewe."

Alikwenda mpaka kizingitini, akanyoosha mkono. Bi Touhfat aliutazama ule mkono, na hakuuachia wa binti mara moja. Akamwambia maneno, na mwashi akayatafsiri kutoka Kindzuani:

"Anasema, ukimrudisha siku moja analia, atakuja Moroni kwa miguu."

"Mwambie kuna bahari."

"Anasema anaijua. Atakuja hivyo hivyo."

Watu wakacheka, na katika kicheko kile mkono ukaachiwa huku na kupokelewa kule. Wakaanza kutembea pamoja kuelekea mbele, Touhfat na mama yake. Njia ilikuwa fupi, hatua kumi hazifiki, lakini mama yule alikuwa anakwenda mbio mbio, ameshika mkono wa binti kwa nguvu, kiganja kimelowa jasho, kama mtu anayemvusha mtoto mahali pa hatari.

Touhfat akamwinamia sikioni.

"Polepole, mama," alimwambia. "Hakuna anayetufukuza."